Bernardo Houssay: daktari aliyefukuzwa kazi kwa saini moja, akatufundisha kwa nini sukari hupanda alfajiri

Jambo hili limeshatokea katika nyumba nyingi za kwetu, iwe Maskati, iwe Dubai, iwe Doha. Mzee mwenye maradhi ya sukari anakula chakula cha usiku mapema, halua haigusi, chai anakunywa kavu. Kabla ya kulala anajidunga kidole, mashine inasoma vizuri, kila mtu anafurahi. Alfajiri, baada ya kusali, anapima tena. Imepanda! Hapo ndipo mahojiano yanapoanza. Baba, uliamka usiku ukala tende? Bibi, nani kakupa biskuti? Mzee anaapa kwamba hakutia kitu kinywani, na watoto wanatazamana kwa shaka.

Mara nyingi mzee anasema kweli. Mwili wenyewe ndio uliopandisha sukari wakati yeye amelala. Mmoja wa watu waliotufungulia mlango wa kulielewa jambo hilo ni daktari wa Argentina aitwaye Bernardo Alberto Houssay. Alifariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Katika nchi yake jina lake linajulikana na kila mtoto wa skuli, lakini kwetu sisi, tunaoishi na sukari ndani ya nyumba kila siku, hatumtaji kabisa. Maisha yake yanafaa kusimuliwa kwa sababu ya sayansi aliyoifanya, na pia kwa sababu alifika mahali ambapo ilimbidi achague baina ya kuondoka kwao na kubaki. Kuhusu hilo, wasomaji wa huku Ghuba hawahitaji kufundishwa na mtu.

Mtoto wa wahamiaji

Houssay alizaliwa Buenos Aires tarehe 10 Aprili 1887. Wazee wake walikuwa Wafaransa waliohamia Argentina, na baba yake alikuwa mwanasheria. Nyumba yao ilikuwa na watoto wanane. Zama hizo Argentina ilikuwa ikipokea meli kwa meli za wahamiaji kutoka Italia, Hispania, Ufaransa na hata Sham, na Buenos Aires ilikuwa inakua kwa kasi ya ajabu.

Mtoto huyu alikuwa na akili iliyowatisha walimu. Skuli aliimaliza mapema mno, na akiwa na umri wa miaka 14 tu aliingia kusomea ufamasia katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Alihitimu akiwa na miaka 17, mwaka 1904. Kijana wa umri huo kwetu bado anaulizwa na mama yake kama amekula. Yeye alikwisha kuwa mfamasia, na mwaka huohuo akaingia kwenye udaktari.

Hata udaktari hakuusoma kama wenzake. Mwaka 1907, bado mwanafunzi, alianza kusaidia katika idara ya fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Mwaka 1910, akiwa na miaka 23 na hata tasnifu yake ya udaktari hajaikabidhi, alipewa uprofesa wa fiziolojia katika kitivo cha madaktari wa wanyama. Tasnifu yenyewe aliikamilisha mwaka 1911 na ikapewa tuzo. Ilihusu kitu kimoja kidogo sana, na kitu hicho hakumwachilia tena maisha yake yote: tezi ya pituitari.

Tezi ndogo kama punje ya dengu

Tezi hii imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa kama kito ndani ya pete. Ukubwa wake hauzidi punje ya dengu na uzito wake ni kama nusu ya gramu. Ina sehemu mbili, ya mbele na ya nyuma. Siku za Houssay, madaktari walijua kuwa ikivimba mtu hubadilika umbo: mikono inakuwa mikubwa mpaka pete haiingii tena, viatu vinabana, taya linatoka mbele. Maradhi hayo yanaitwa akromegali. Na madaktari walikuwa wamegundua kitu chengine cha kushangaza, kwamba wengi katika wagonjwa hao walikuwa na sukari kwenye mkojo. Sababu hakuna aliyeijua.

Baada ya kuhitimu Houssay alifanya kazi hospitali, na baadaye katika taasisi ya bakteriolojia, ambako alichunguza sumu za nyoka na buibui na dawa za kuzitibu. Alikuwa na kliniki yake pia. Ilipofika mwaka 1919 alipewa kiti cha fiziolojia katika kitivo cha udaktari, na hapo akafanya jambo ambalo wengi walimwona hana akili. Aliacha kliniki, na fedha zote zinazokuja na kliniki, akaamua kuwa mtu wa chuo na maabara wakati wote. Wakati huo profesa wa udaktari kwao alikuwa akifika chuoni kusomesha saa moja au mbili, halafu anakwenda zake kutibu wenye fedha. Houssay alikuwa hapo asubuhi na alikuwa hapo jioni. Idara ile ndogo aliigeuza Taasisi ya Fiziolojia iliyokuja kujulikana dunia nzima.

Mwaka 1920 alimwoa María Angélica Catán, mwanakemia. Walipata watoto watatu wanaume, na wote watatu wakawa madaktari. Bibi huyu alimsaidia katika kazi na alivumilia nyumba ambayo mambo yake mengi yalizunguka maabara, kwani mumewe hakuwa mtu wa starehe. Waliomjua wanamtaja kama mtu mkali wa saa, mpole wa maneno, asiyependa makuu, na mkaidi pale anapoona haki iko upande wake. Ukaidi huo tutauona mbele.

Chura na mbwa wa Buenos Aires

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1889 huko Strasbourg, madaktari wawili, von Mering na Minkowski, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa akapata maradhi ya sukari. Ikajulikana kuwa kongosho ndilo linalozuia sukari isipande. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Banting na Best waliipata insulini ndani ya kongosho, katika maabara ya Macleod na kwa msaada mkubwa wa Collip katika kuisafisha. Mwaka uliofuata ilianza kuwaokoa watoto waliokuwa wakingojea kufa. Dunia ikafurahi, na watu wengi wakadhani suala limekwisha: sukari ni upungufu wa insulini, na insulini imepatikana, khalasi.

Houssay hakuona kuwa limekwisha. Insulini ilipoanza kupatikana naye aliitumia katika majaribio, akamrudia rafiki yake wa zamani, tezi ya pituitari. Katika miaka ya 1920 yeye na wenzake waliona kuwa mnyama aliyetolewa tezi hii haistahimili insulini kabisa. Dozi ambayo mnyama mzima anaichukua bila ya taabu, huyu inamporomosha sukari mpaka anaanguka. Hapo Houssay akajiuliza: ikiwa kukosekana kwa tezi hii kunaizidishia insulini nguvu, basi tezi yenyewe si inafanya kazi ya kuipinga insulini?

Jaribio la kulijibu swali hilo ndilo lililompa jina. Alitumia mbwa, na alitumia pia chura wakubwa wa Argentina, ambao walikuwa wengi, hawana gharama, na tezi yao inafikika kupitia kinywani. Houssay na mwenzake Alfredo Biasotti waliwatoa wanyama hao kongosho, na wakawatoa pituitari pia. Kwa elimu ya wakati ule, mnyama asiye na kongosho lazima sukari imwue. Lakini hawa waliokosa vyote viwili walikuwa na hali nafuu kuliko wale waliokosa kongosho peke yake. Sukari yao haikupanda kwa ukali ule, na waliishi zaidi.

Halafu likaja jaribio la pili, kinyume chake. Walipochukua sehemu ya mbele ya pituitari na kuipandikiza kwa chura hawa, maradhi ya sukari yalirudi kwa nguvu. Na walipomdunga mbwa mzima, mwenye kongosho lake timamu, maji yaliyokamuliwa kutoka sehemu ile ya mbele, mbwa huyo naye akawa na sukari. Matokeo makubwa yalichapishwa kuanzia mwaka 1930. Maabara nyengine za Amerika na Ulaya zikayarudia majaribio zikapata jawabu lilelile. Mpaka leo madaktari wakimwona mgonjwa wa sukari ambaye mahitaji yake ya insulini yameshuka ghafla kwa sababu pituitari yake imekufa, hali hiyo wanaiita kwa jina la Houssay.

Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni hii. Sukari ya damu ni mzani wenye sahani mbili. Upande mmoja iko insulini, inayoshusha. Upande wa pili ziko homoni nyengine zinazopandisha: homoni ya ukuaji inayotoka pituitari, na kotisoli inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, ambazo nazo zinapokea amri kutoka pituitari. Maradhi ya sukari yanaweza kuja kwa sababu upande wa insulini umepungua, na yanaweza kuja kwa sababu upande wa pili umezidi. Wale wagonjwa wa akromegali waliokuwa na sukari kwenye mkojo wakapata maelezo yao. Pituitari iliyovimba ilikuwa ikimwaga homoni ya ukuaji bila ya kiasi, na insulini ikashindwa kufanya kazi yake.

Saini moja

Kufika mwanzo wa miaka ya 1940 taasisi ya Houssay ilikuwa katika kilele. Hakuwa akichunguza sukari peke yake. Katika jengo lile, vijana wake, akiwemo Eduardo Braun-Menéndez na Luis Leloir, walikuwa wamegundua kitu kinachotengenezwa kwa amri ya figo na kupandisha shinikizo la damu, wakati uleule ambapo kundi jengine Marekani lilikuwa likigundua kitu hichohicho. Leo kinaitwa angiotensini. Mzee wako anayemeza kidonge cha presha kila asubuhi huenda anameza dawa iliyotokana na njia waliyoionyesha vijana wale.

Juni 1943 jeshi la Argentina likapindua serikali. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vikiendelea, na Argentina ilikuwa haijauvunja uhusiano wake na Ujerumani. Oktoba mwaka huo wananchi wapatao 150, wasomi na watu wenye heshima zao, walitia saini tamko fupi lililochapishwa magazetini. Walitaka nchi irudi kwenye katiba na demokrasia ya kweli, na isimame pamoja na mataifa mengine ya Amerika. Houssay alikuwa mmoja wao.

Serikali haikutafuta maneno mengi. Iliamuru kila mfanyakazi wa umma aliyetia saini afukuzwe. Houssay alikuwa na umri wa miaka 56. Taasisi aliyoijenga kwa karibu robo karne, vitabu, vifaa, wanyama, wanafunzi, vyote vilibaki ndani ya jengo ambalo yeye hakuruhusiwa tena kuliongoza. Hakutiwa jela na hakupigwa. Aliondolewa kwenye kazi yake tu, na kwa mtu wa namna ile hilo lilikuwa pigo kubwa la kutosha.

Wengi wangesema alijitakia. Mwanasayansi na siasa wapi na wapi? Si angenyamaza tu, aendelee na chura wake? Ni hoja ambayo hata kwenye mabaraza yetu tungeisikia, na si hoja ya mtu mjinga. Alikuwa na wanafunzi waliomtegemea, na alijua kuwa akiondoka yeye, kazi ya wengine itatikisika. Kweli ilitikisika. Baadhi ya wenzake walijiuzulu au walifukuzwa pamoja naye. Leloir aliondoka nchini akaenda Marekani, akafanya kazi St. Louis katika maabara ya mume na mke, Carl na Gerty Cori. Jina la Cori likumbuke, tutakutana nalo tena.

Kubaki

Barua zilianza kumfikia Houssay kutoka nje. Vyuo vya nje vilimtaka, na Marekani, ambako jina lake lilikuwa kubwa, angepata maabara nzuri, mshahara na utulivu. Mwana wa wahamiaji angeweza kuhama kama baba yake alivyohama, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alikataa. Aliona kuwa akiondoka yeye wataondoka na vijana, na kilichojengwa kwa miaka ile yote kitazimika kama taa iliyokwisha mafuta. Kwake yeye sayansi ni ya watu wote, lakini mwanasayansi ana nchi, na nchi ile ilikuwa inamhitaji zaidi kuliko Marekani.

Basi kwa fedha za wakfu wa watu binafsi wa palepale Argentina, unaoitwa kwa jina la Juan Bautista Sauberan, na kwa msaada wa vifaa kutoka Taasisi ya Rockefeller ya Marekani, ikapatikana nyumba ya kawaida katika mtaa wa Costa Rica, Buenos Aires. Mwaka 1944 ikafunguliwa kama Taasisi ya Biolojia na Tiba ya Majaribio. Vyumba vya kulala vikageuzwa maabara. Haikuwa na fahari yoyote. Waliofukuzwa walikusanyika humo wakaendelea pale walipoishia, kama familia iliyohamishwa nyumba usiku na asubuhi ikawasha jiko pengine.

Mwaka 1945 serikali ililegeza kamba, walimu waliofukuzwa wakarudishwa, na Houssay akarudi chuoni. Hakukaa. Mwaka 1946, chini ya utawala wa Juan Perón, aliondolewa tena, safari hii kwa kustaafishwa. Akarudi kwenye nyumba yake ya mtaa wa Costa Rica. Leloir naye alikuwa amekwisharudi kutoka Marekani, akaanza kazi humohumo.

Habari kutoka Stockholm

Oktoba 1947 simu zikaita kutoka Sweden. Tuzo ya Nobel ya fiziolojia na tiba ya mwaka huo ilikuwa imegawiwa mara mbili. Nusu walipewa Carl na Gerty Cori wa St. Louis, kwa kueleza jinsi mwili unavyoivunja na kuijenga glaikojeni, ile sukari ya akiba iliyomo kwenye ini na misuli. Nusu nyengine ilikuwa ya Houssay, kwa kugundua kazi ya homoni ya sehemu ya mbele ya pituitari katika matumizi ya sukari mwilini. Gerty Cori alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata Nobel ya tiba, na Houssay alikuwa mtu wa kwanza wa Amerika ya Kusini kupata Nobel katika fani za sayansi.

Nchi nyengine ingefunga mitaa kwa sherehe. Argentina ilikuwa na tabu yake. Mtu aliyeheshimiwa na dunia ndiye huyohuyo aliyeondolewa chuoni na serikali iliyokuwa madarakani. Magazeti yaliyoipenda serikali yaliandika kwa uchungu kwamba tuzo hiyo ni ya kisiasa, ati imetolewa ili kumchokoza Perón. Majaribio yenyewe yalikuwa yamechapishwa tangu mwaka 1930, wakati Perón hata hajajulikana, lakini mwenye hasira hahesabu miaka. Houssay alikwenda Stockholm Disemba ile, akatoa mhadhara wake kuhusu pituitari na maradhi ya sukari, halafu akarudi zake nyumbani kuendelea na kazi. Chuoni hakurudishwa.

Aliendelea hivyo katika taasisi yake ya binafsi kwa miaka mengine minane. Katika kipindi hicho kitabu cha fiziolojia alichokiandika pamoja na wenzake kilitafsiriwa kwa lugha kadhaa, na wanafunzi wa udaktari wa nchi za mbali walimjua mwalimu ambaye wanafunzi wa chuo chake chenyewe hawakuruhusiwa kumsikiliza darasani.

Kupanda miti ambayo hutokaa chini ya kivuli chake

Perón alipoangushwa mwaka 1955, Houssay alirudishwa chuoni. Alikuwa na miaka 68, umri ambao wengi hukaa barazani na kuhesabu wajukuu. Yeye alianza kazi mpya. Mwaka 1958 liliundwa baraza la taifa la utafiti wa sayansi, CONICET, na yeye akawa rais wake mpaka alipokufa. Kupitia baraza hilo alisimamia mpango wa kuwapa watafiti mshahara wa kudumu ili wasilazimike kukimbilia kliniki, na mpango wa kuwapeleka vijana nje kusoma. Sharti alilolitilia mkazo ni kwamba warudi. Kwenda nje hakukumkera. Kilichomuumiza ni kwenda bila ya kurudi, na alilisemea jambo hilo mpaka uzeeni.

Hakufaulu kila mara. Mwaka 1966, baada ya mapinduzi mengine ya kijeshi, askari waliingia katika vitivo vya Chuo Kikuu cha Buenos Aires wakawapiga walimu na wanafunzi, na wasomi kwa mamia wakaihama nchi. Mzee Houssay alishuhudia yakijirudia yale aliyoyapigania kuyazuia. Na nyumbani pia alikuwa amebaki peke yake, kwani María Angélica alifariki mwaka 1962.

Lakini aliishi vya kutosha kuona tunda moja. Mwaka 1970 Tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Luis Leloir, yuleyule kijana wake aliyeandika tasnifu chini yake kuhusu tezi za juu ya figo na sukari, akaondoka alipoondoka mwalimu wake, akarudi, akaifanya kazi yake Buenos Aires. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Septemba 1971, Houssay akafariki, na umri wake miaka 84. Leo tarehe aliyozaliwa, 10 Aprili, inaadhimishwa Argentina kuwa siku ya watafiti wa sayansi. Na taasisi iliyoanzia katika ile nyumba ya mtaa wa Costa Rica ingali hai mpaka hivi sasa.

Alichotuachia nyumbani kwetu

Wakati fulani ugunduzi wake uliwapeleka madaktari mbali sana. Mwaka 1953 daktari wa Denmark aitwaye Poulsen alieleza habari za mwanamke mwenye sukari ambaye pituitari yake iliharibika baada ya kujifungua, kisha madhara ya sukari kwenye macho yake yakapungua. Basi kwa miaka kadhaa baadhi ya hospitali ziliwafanyia operesheni za pituitari wagonjwa wa sukari ili kuwaokoa wasipofuke. Ilikuwa tiba nzito yenye gharama kwa mwili mzima, na ilipokuja tiba ya macho kwa miale ya leza, operesheni hizo ziliachwa. Elimu yenyewe haikuachwa.

Sasa turudi kwa yule mzee wa alfajiri. Usiku, khaswa saa za karibu na kucha, mwili hujitayarisha kuamka. Pituitari imemwaga homoni ya ukuaji, tezi za juu ya figo zinaongeza kotisoli, na ini linatoa sukari yake ya akiba. Mtu mwenye afya, kongosho lake linaongeza insulini kidogo na mzani unakaa sawa. Mwenye maradhi ya sukari hana insulini ya kutosha ya kujibu, na mashine inasoma juu bila ya yeye kugusa hata tende moja. Zipo sababu nyengine pia, kama dawa ya usiku kuisha nguvu mapema, na ndiyo maana daktari hutaka apewe vipimo vilivyoandikwa vya siku kadhaa, vya kabla ya kulala na vya alfajiri, kabla ya kuamua. Usimbadilishie mzee dozi kwa kukisia.

Mzani huohuo ndio unaoeleza kwa nini mgonjwa wa pumu au wa viungo akipewa vidonge vya prednisoloni sukari yake hupanda, maana dawa hiyo ni ndugu wa kotisoli. Ndio unaoeleza pia sukari ya mimba, ambapo homoni za kondo la nyuma zinaipinga insulini ya mama, na mara nyingi sukari hushuka akishajifungua. Na pia kwa nini homa, majeraha na hata mashaka ya moyo humpandishia sukari mtu ambaye chakula chake hakikubadilika.

Basi kesho alfajiri mashine ikisoma juu, kabla ya kumtuhumu mzee, andika namba ile kwenye daftari, mtengenezee chai yake kavu, na umpe haki yake ya kuaminiwa. Namba hizo zipeleke kwa daktari. Chura wa Buenos Aires walishamtolea ushahidi zamani.